Kusasisha fimwea za seva bila kuisimamisha hospitali

Swali: "Mimi ni afisa TEHAMA katika hospitali binafsi, Kanda ya Ziwa. Tuna seva tatu za Dell PowerEdge R740 zilizofungwa mwaka 2019, kila moja ina kumbukumbu (RAM) ya GB 256. Ziko kwenye klasta ya Proxmox, programu inayoziunganisha zibebe mashine pepe kwa pamoja, na data inakaa kwenye Ceph, mfumo unaoisambaza kwenye diski za seva zote. Humo ndimo ulimo mfumo wa wagonjwa, famasi na malipo. Pembeni kuna seva ya nne, ya zamani zaidi, ya Windows Server, inayoendesha mfumo wa maabara peke yake. Fimwea hazijaguswa tangu zifungwe, na seva moja ina zaidi ya siku 600 haijazimwa. Mkaguzi wa mifumo ameandika kwamba lazima tusasishe. Mkurugenzi hataki kusikia mfumo umezimwa hata dakika moja. Nimehesabu BIOS, iDRAC, kidhibiti cha diski, kadi za mtandao, diski na pawasaplai, nikaona nitaziwasha upya mara sita kila seva. Na kusema kweli, naogopa nikizizima zisirudi. Kuna namna ya kusasisha bila kuwasha upya? Au nimwambie mkaguzi kwamba kitu kinachofanya kazi tukiache?"

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza swali moja lakini ndani yake kuna hofu mbili. Moja ni ya mkurugenzi: huduma isikatike. Nyingine ni yako: seva ikizimwa, itaamka? Mipango mingi ya kusasisha huvurugika kwa sababu mhusika anaishughulikia hofu ya bosi na kuifumbia macho ya kwake. Nitazijibu zote mbili, na ya kwako nitaipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu ndiyo yenye hatari ya kweli.

Nianze na hesabu ya mara sita. Daktari wa zamu hajui wala hajali seva imewashwa upya mara ngapi. Anachojua ni kama faili la mgonjwa limefunguka alipobofya. Seva iliyokwisha kuondolewa mashine pepe zake zote, yaani zile kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani yake, unaweza kuizima na kuiwasha kutwa nzima na wodini asijue mtu. Ila seva iliyobeba mfumo wa malipo, ukiiwasha upya mara moja tu saa nne asubuhi siku ya Jumatatu, utaandikiwa barua ya kujieleza. Kwa hiyo acha kuhesabu mara za kuwasha upya. Hesabu dakika ambazo mtumiaji amekosa huduma. Kwa klasta yako dakika hizo zinaweza kukaribia sifuri kabisa. Kwa seva ya maabara haziwezi, na hilo mkurugenzi aambiwe mapema.

Sasa tuone kwa nini kuwasha upya kunadaiwa. Fimwea, yaani programu dhibiti, imehifadhiwa kwenye chipu ya kifaa chenyewe, si kwenye diski ya mfumo endeshi. Kuisasisha kuna hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Kwanza unaandika toleo jipya kwenye chipu. Kisha kifaa kinaacha toleo la zamani na kuanza kulitumia jipya. Hatua ya kwanza mara nyingi inafanyika seva ikiwa kazini. Ya pili ndiyo inayoleta shida, hasa kwa BIOS, kwa kuwa kazi yake kubwa huifanya mashine inapoamka: kuipima kumbukumbu, kuiandaa prosesa, kuvitambua vifaa, kisha kuukabidhi usukani mfumo endeshi. Mashine isipolala haina sababu ya kuisoma BIOS mpya.

Vifaa vyenyewe havilingani. iDRAC ni kompyuta ndogo inayojitegemea ndani ya seva, ina prosesa yake na mlango wake wa mtandao. Ukiisasisha, inajiwasha upya yenyewe tu. Ukurasa wake utapotea kwa dakika kadhaa na feni zinaweza kuvuma ukadhani helikopta inatua, lakini mashine pepe zako hazina habari. Hiyo unaweza kuifanya hata mchana. Diski za NVMe nazo zina nafuu: kiwango chake kinaruhusu diski kuhifadhi hadi matoleo saba ya fimwea kwa wakati mmoja, na zipo zinazokubali kuhamia toleo jipya bila kuwashwa upya, kutegemea mtengenezaji. Kidhibiti cha diski na kadi za mtandao zitataka seva iwashwe upya. Wagumu zaidi ni CPLD, ile chipu inayosimamia mpangilio wa umeme kwenye ubao mama, pamoja na pawasaplai. Hapa kuwasha upya kwa kawaida hakutoshi. Seva inazimwa kabisa, na kwa CPLD umeme wenyewe hukatwa kwenye ubao ndipo toleo jipya lishike.

Habari njema ni kwamba nyingi kati ya sita zako ni moja. iDRAC9 iliyomo kwenye R740 ina foleni ya kazi. Unapakia faili la BIOS, la kidhibiti, la kadi za mtandao, na kila moja unaichagulia "Install Next Reboot". Hakuna kinachotokea, kazi zinapanga mstari tu. Siku utakayoiwasha upya, Lifecycle Controller, sehemu ya seva inayotekeleza masasisho hayo, itazichukua moja baada ya nyingine katika mkupuo huohuo. Mashine itajizima na kujiwasha yenyewe mara mbili au tatu katikati, usishtuke. Kwako hiyo ni safari moja. Kinachoweza kukulazimisha safari ya pili ni umri. Fimwea ya 2019 mara nyingine haikubali kuruka moja kwa moja hadi toleo la leo bila kupitia la kati. Hilo limeandikwa kwenye maelezo ya kila toleo katika tovuti ya mtengenezaji. Yasome yote kabla hujapakua chochote, hata kama yanachosha, na yanachosha kweli.

Kuna mtu atakuambia utumie teknolojia ya kutia viraka keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiwa hai. Ni teknolojia nzuri, ila inagusa keneli na kuishia hapo. Haifiki kwenye BIOS wala kwenye diski. Maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, ambayo kwa kawaida huja ndani ya BIOS, inaweza pia kupakiwa na Linux yenyewe, lakini njia salama ni kuipakia mwanzoni kabisa mashine inapoamka. Kuipakia katikati ya kazi hata watunzaji wa keneli hawakushauri.

Je, umwambie mkaguzi mviache kama vilivyo? Hapana, na nitakupa kisa kimoja cha kumwonyesha mkurugenzi. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD za aina ya SAS zilikuwa na kasoro kwenye fimwea: zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa. Hazipunguzi kasi, hazitoi onyo. Zinakufa na data yake haipatikani tena. Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 15, mtu yeyote aliyewahi kuandika programu ataguna akiiona. Sasa fikiria seva yenye diski nane zilizofungwa siku ileile na kuwashwa wakati uleule. RAID, yaani mpangilio wa kuziunganisha diski zilindane, inakulinda diski moja ikifa, au mbili. Haikulindi zote zikifa ndani ya saa chache. Machi 2020 likatoka tangazo la pili kuhusu diski nyingine, zenye kikomo cha saa 40,000. Dawa katika visa vyote viwili ilikuwa fimwea mpya, iwekwe kabla ya saa hizo kutimia.

Kisa kingine ni cha usalama. Mwaka 2017 iligundulika kwamba iLO 4, ambayo kwa seva za HPE inafanya kazi kama ya iDRAC, ilikuwa inamfungulia mlango mtu yeyote aliyetuma ombi lenye herufi A ishirini na tisa mfululizo mahali fulani pa ombi hilo. Bila nywila. Anayeimiliki iLO au iDRAC anaimiliki seva: anaizima, anaiwasha, anaingiza diski yake ya kuanzia. Kwa hiyo, hata kabla ya kusasisha, hakikisha milango ya iDRAC iko kwenye mtandao wake peke yake, na kompyuta za mapokezi haziufikii. Hiyo haihitaji kuzima chochote. Ifanye wiki hii.

Lakini usiruke upande wa pili ukawa mtu wa kukimbilia kila toleo jipya siku linapotoka. Januari 2018, baada ya habari za Meltdown na Spectre, kasoro za usalama kwenye prosesa, watengenezaji walitoa BIOS mpya haraka haraka. Tarehe 22 ya mwezi huohuo Intel ikawaomba watu waache kuzisambaza, kwa kuwa maikrokodi iliyokuwemo ilizifanya mashine zijiwashe upya ovyo, wakitaja prosesa za Haswell na Broadwell. Waliokimbia kukwepa hatari wakajikuta wameinunua nyingine. Dell huyapa masasisho yake daraja: ya haraka, yanayopendekezwa, na ya hiari. Ya haraka yasome siku hiyohiyo uone kama yanakuhusu. Mengine yaache yakae wiki kadhaa, kisha uyafanye kwa pamoja mara mbili kwa mwaka. Kwa hospitali ya ukubwa wenu, hiyo ndiyo kasi ninayoiona inabebeka.

Tuje kwenye klasta yako. Kanuni ni kuisafisha nodi moja, yaani seva moja ya klasta, kwa kuihamishia kwingine mashine pepe zake, kuisasisha, kuirudisha, ndipo uende kwa ya pili. Kuihamisha mashine pepe ikiwa hai, data yake ikiwa kwenye Ceph, kunailazimu isimame kwa muda mfupi sana mwishoni, kwa kawaida ambao mtumiaji hauhisi. Hifadhidata inayoandika sana itachukua muda mrefu zaidi kuhama, basi ihamishe usiku.

Swali la kwanza ni kama nodi mbili zinaweza kubeba mzigo wa tatu. Una GB 256 mara mbili, ni 512. Toa Ceph, ambayo kwa mpangilio wa kawaida hulenga GB 4 kwa kila diski inayoisimamia; toa na Proxmox yenyewe. Kama kila nodi ina diski sita, ninakadiria ubaki na takriban GB 440 za kutumia kwa usalama. Jumlisha kumbukumbu uliyozigawia mashine pepe zote. Ikizidi hapo, zima kwanza zile za majaribio, au punguza zilizopewa kumbukumbu kubwa zisiyoitumia. Kazi hii ifanye mchana, kwenye karatasi. Usiigundue saa nane usiku.

Pili, angalia aina ya prosesa uliyozichagulia mashine pepe. Kama umeweka "host", kila mashine inaona uwezo wote wa prosesa halisi. BIOS mpya inakuja na maikrokodi mpya, nayo huweza kuficha uwezo fulani au kuongeza mwingine. Mashine iliyoanza kwenye nodi mpya inaweza kukataa kuhamia ya zamani, au ikahama kisha ikaanguka. Aina ya jumla kama x86-64-v2-AES inakuepusha na hilo, ila mabadiliko hayo yanadai mashine pepe izimwe na kuwashwa. Zifanyie moja moja wiki za kabla, kila idara kwa saa yake tulivu.

Tatu ni Ceph. Weka alama ya noout kabla ya kuizima nodi, ili klasta isizihesabu diski zake kuwa zimepotea na kuanza kuhangaika. Kama mnahifadhi nakala tatu, nodi moja ikiwa chini unabaki na mbili, na diski moja tu ikifa wakati huo, sehemu ya data itasimama hadi nakala ya pili irudi. Kura za klasta, yaani hesabu ya nodi zilizo hai, nazo ni hivyohivyo: mbili kati ya tatu mnaendelea, moja kati ya tatu kila kitu kinasimama. Kwa hiyo nodi ya pili haiguswi mpaka uiondoe alama ya noout, Ceph iseme HEALTH_OK na ile ya kwanza iwe imebeba mashine chache kwa siku mbili tatu. Ndiyo, nasema siku. Usiku mmoja kwa nodi zote tatu ni tamaa.

Sasa hofu yako, kwamba seva ya siku 600 haitarudi. Una haki ya kuiogopa, lakini fahamu unachokiogopa. Mara nyingi seva ya namna hii inaposhindwa kuamka, kosa si la fimwea mpya. Ni betri ndogo ya ubao mama iliyokwisha, diski ya kuanzia iliyochoka ambayo haikuwahi kusomwa upya, au huduma iliyoanzishwa kwa mkono mwaka juzi na haikuwekwa ijianzishe yenyewe. Matatizo hayo yalikuwepo tayari, yamejificha nyuma ya seva isiyozimwa. Ukizima, ukasasisha vitu vitano kwa pamoja na seva ikagoma, utamshika nani?

Ndiyo maana nakushauri uongeze mara moja. Hamisha mashine pepe zote, kisha iwashe upya seva kabla hujabadilisha chochote. Ikirudi salama, sasa una msingi: lolote litakalotokea baadaye limeletwa na sasisho. Isiporudi, umegundua ugonjwa wa zamani katika wakati uliouchagua mwenyewe, na wagonjwa wakiwa wanahudumiwa na nodi mbili nyingine. Kabla ya hapo, toa nakala ya mipangilio ya seva kupitia iDRAC, soma kumbukumbu ya matukio ya vifaa, na urejeshe bakapu ya mashine pepe moja mahali pengine uone kama inafunguka. Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiitaje mbele ya mkurugenzi.

Usiku wenyewe, iDRAC iwe imekwisha kusasishwa siku kadhaa nyuma. Ndiyo inayokwenda kuyapokea mafaili mengine, basi itangulie. UPS iwe imepimwa kwa mzigo wa kweli na jenereta ina mafuta, kwa sababu umeme kukatika wakati BIOS inaandikwa ni moja ya njia chache za kuiua seva kabisa. Fungua skrini ya mbali ya iDRAC. Utaona "Automated Task Application", asilimia zikipanda, kisha giza, kisha feni kwa nguvu, kisha "Configuring Memory". Hapo ndipo wengi huharibu. Baada ya BIOS mpya, seva yenye GB 256 huipima kumbukumbu upya na inaweza kukaa kimya muda mrefu kuliko ulivyozoea. Usibonyeze kitufe cha umeme. Angalia foleni ya kazi kwenye iDRAC kupitia kivinjari. Itakuambia kama kazi inaendelea hata skrini ikiwa nyeusi. CPLD na pawasaplai zifanye mwisho, peke yake, na tu kama maelezo ya toleo yanataja kasoro inayokuhusu. BIOS, kidhibiti na kadi za mtandao zinaweza kurudishwa kwenye toleo la awali kupitia iDRAC hiyohiyo. CPLD hairudi nyuma.

Seva ya maabara ni habari nyingine. Iko peke yake, kwa hiyo kuigusa ni kuisimamisha maabara, na hakuna ujanja. Mweleze mkurugenzi hivyo, halafu kaa na mkuu wa maabara mchague usiku wenye sampuli chache, fomu za karatasi ziwe zimechapishwa na watu wajue nani ataziingiza asubuhi. Kama diski zake zimefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows wa kuzisimba diski, isimamishe kwa muda kabla ya kusasisha BIOS na uwe na funguo ya kurejesha mkononi. Vinginevyo itakuomba funguo ya tarakimu 48 ambayo huenda hakuna anayejua ilipo. Rai yangu hasa ni kwamba usitumie nguvu nyingi kuisasisha. Ihamishie kwenye klasta kama mashine pepe. Kikwazo cha kawaida ni mashine za vipimo zilizounganishwa kwa kebo ya RS-232, na vipo vifaa vidogo vya kugeuza mlango huo uwe wa mtandao. Msambazaji wa mashine za vipimo aulizwe kabla hamjanunua.

Kuna mahali ambapo nisingependa uendelee peke yako ukiwa na maelezo yangu tu. Kama kumbukumbu ya matukio ina makosa ya RAM au ya pawasaplai kabla hujaanza, kama seva ya maabara inaonyesha RAID iliyopungua, kama sasisho la BIOS limekatika njiani na seva haionyeshi kitu, simama. Usijaribu tena na tena. Mwite fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji afike kwa miguu yake, akiwa na ubao mama wa akiba kama inawezekana. Angalia leo kama mkataba wenu wa huduma bado uko hai. Seva za 2019 huenda umekwisha, na ni rahisi zaidi kuujadili sasa kuliko mkiwa na seva iliyokufa. Hata mambo yakiwa shwari, kwa nodi ya kwanza ningemlipa mtu mwenye uzoefu akae nawe usiku mmoja. Mbili zinazofuata utazifanya mwenyewe.

Mkaguzi hatarajii ukamilishe wiki hii. Mpelekee orodha ya matoleo ya sasa ya kila kifaa, ambayo iDRAC yenyewe inakutolea, pamoja na tarehe za nodi ya kwanza, ya pili na ya tatu, sahihi ya mkurugenzi ikiwa chini yake.